Kughafilika Si Kutojua

Mwanafunzi mmoja wa shule ya upili huku Kericho aliwahi kuandika, katika insha niliyoombwa kuisahihisha, kwamba majani ya chai ya mama yake yalikataliwa kwenye mizani kwa sababu "alichuma yaliyokomaa bila kujua". Niliweka kalamu chini. Mama huyo, kwa mujibu wa insha yenyewe, alikuwa amechuma chai miaka mingi. Alijua fika kwamba hutakiwa majani mawili na chipukizi. Hakukosa maarifa, alichokosa, kwa dakika chache za asubuhi ile, ni uangalifu. Mtoto alinuia kumtetea mama yake, kumbe neno alilolichagua lilimfanya mjinga wa kazi yake mwenyewe.

Kosa hili si la mwanafunzi huyo peke yake. Katika mashamba ya Kericho na Bomet, ambako Mkipsigis, Mgusii, Mjaluo na Mluhya hukutana kwa Kiswahili, "bila kujua" limegeuzwa dawa ya kila donda. Hebu tutenganishe mambo matatu.

Asiyejua hana maarifa: ndiye mgeni anayeshika kikapu kwa mara ya kwanza. Asiyekusudia huenda anajua vyema atendalo, ila tokeo lake hakulitaka; ndiyo sababu sheria ya Kenya hutofautisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Kughafilika ni jambo la tatu. Maarifa yapo, nia mbaya haipo, lakini fikira zimekwenda kwingine na mkono unaendelea na kazi peke yake.

Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo ni ndugu wa "ghafla". Katika Kiarabu, ghafla ni hali ya kutokuwa macho. Kiswahili kimelifanya kielezi cha jambo lisilotarajiwa. Undugu huo una funzo: aghalabu jambo huwa la ghafla kwa yule aliyeghafilika.

Mnamo Juni 30, 2023, katika makutano ya Londiani, lori liliwagonga watu waliokuwa kando ya barabara, na zaidi ya 50 wakapoteza maisha. Msiba ule twausimulia kuwa wa ghafla. Kwa marehemu na jamaa zao, ndivyo ulivyokuwa. Lakini sisi tuliozoea kuona masoko yakipakana na barabara kuu mwaka baada ya mwaka, hatuwezi kusema hatukujua. Tulijua. Tulighafilika.

Yupo atakayeuliza: je, neno hili si maficho mengine? Umbo lake, kama "vunjika", halimtaji mtenda. Na "nimepitiwa" humfanya msemaji aonekane ametendwa tu. La hasha! Anayesema "sikujua" anadai kwamba hakuwa na la kufanya. Anayesema "nimeghafilika" anakiri kwamba alipaswa kuwa macho, na ndiyo maana kauli hiyo huandamana na kuomba radhi. Ni neno la unyenyekevu, si la kukwepa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, mwanafunzi anapokosea, usiikimbilie kalamu nyekundu wala adhabu. Muulize kwanza: hukujua, hukukusudia, au ulighafilika? Wa kwanza afundishwe, wa pili asikilizwe, wa tatu azinduliwe. Nawe mwanafunzi, ukiulizwa, chagua neno lililo kweli hata kama lina uchungu.

Na yule mama? Laiti mwanawe angeandika kwamba alighafilika, msomaji angeuliza swali lililo muhimu zaidi: aliamka saa ngapi siku ile, na fikira zake zilikuwa zimebeba nini? "Bila kujua" lilifunga swali hilo kabla halijaulizwa.