Mlima Ukishiba Maji

Kutoka Makambako hadi mji wa Njombe barabara inapanda taratibu, na vilima vyake ni vya mviringo, vya kutazamika. Ukivuka mji kuelekea Makete, au ukashika njia ya Ludewa, nchi inageuka. Mashamba ya viazi yananing'inia kwenye miteremko, na mbele kabisa Milima ya Livingstone inashuka ghafla hadi Ziwa Nyasa. Mvua za Novemba hadi Aprili zinapokolea, huko ndiko udongo hukatika.

Wanaoteleza juu ya theluji katika milima ya Ulaya na Marekani wana elimu inayotufaa sana. Maporomoko ya theluji huanzia zaidi kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, pale tabaka zito linapolalia tabaka dhaifu. Na katika maporomoko yanayoua, takriban tisa kati ya kumi husababishwa na mwathirika mwenyewe au mwenzake aliyepita juu ya tabaka hilo. Kwa hiyo hupima mteremko kabla ya kuukanyaga.

Udongo wetu una tabia hiyohiyo. Maji hujaza vinyweleo vyake, yakasukuma chembe ziachane, na msuguano unaoushikilia juu ya mwamba hupungua. Mkono wa binadamu nao upo: tunachimba kitako cha mlima ili kupata kiwanja cha nyumba, tukiondoa sehemu ileile iliyokuwa imeubeba mteremko wote.

Februari 1970, mvua ya takriban milimita 100 ilinyesha Mgeta, katika Milima ya Uluguru, kwa muda usiozidi saa tatu. Udongo ulikatika mahali zaidi ya elfu moja. Paul Temple na Anders Rapp, katika utafiti uliochapishwa 1972, walikuta kwamba karibu maporomoko yote yalianzia mashambani na kwenye nyasi. Yaliyoanzia msituni hayakufika asilimia moja.

Mtu wa Njombe atasema sisi tuna miti tele. Ni kweli, lakini miti yetu huvunwa. Mpaini ukikatwa hauchipui. Mizizi yake huoza kidogo kidogo, na mteremko huwa dhaifu zaidi miaka kadhaa baada ya mbao kuuzwa, wakati mwenye shamba ameshasahau. Mlingoti huchipua kutoka kisikini, kwa hiyo mizizi yake hubaki hai, ingawa unywaji wake wa maji haufai karibu na vinyungu, yaani bustani za mabondeni. Mimi ningeshauri mteremko mkali usivunwe wote kwa mkupuo mmoja, na mkanda wa juu ya nyumba usiguswe kabisa.

Kupima hakuhitaji mtaalamu. Chukua kamba, uivute ikae mlalo kabisa kutoka mlimani, kisha pima kimo kutoka ncha yake hadi ardhini. Kamba ya mita mbili ikitoa kimo cha mita moja, mteremko ni takriban nyuzi 27. Kimo kikizidi hapo, usikate kiwanja.

Wala tambarare si kinga. Tarehe 3 Desemba 2023, matope, mawe na magogo kutoka Mlima Hanang yalifuata makorongo hadi mji mdogo wa Katesh, na watu zaidi ya 80 wakafa. Wengi walikuwa chini, mbali na pale mlima ulipomeguka.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya mvua kubwa, kagua kabla ya giza. Tazama nyufa mpya juu ya nyumba, miti au nguzo zilizoinama, mlango uliokuwa ukifungika vizuri na sasa unakwama, chemchemi iliyoibuka pasipokuwa na maji. Ukiona mojawapo, familia ilale kwa jirani usiku huo. Na mto ukipungua ghafla huku mvua ingali inanyesha, huenda poromoko limeuziba huko juu na maji yanajikusanya nyuma yake. Pandeni juu kwa upande, mbali na korongo; msikimbie kufuata mto kwenda chini.