Masika Dar es Salaam: waosha magari watafuta kazi mvua inapowanyima wateja

Mwezi Aprili, wingu zito linapotanda juu ya Dar es Salaam tangu alfajiri, vijana wanaoosha magari kando ya barabara za jiji hilo hujua mapema siku yao itakavyokuwa. Mwenye gari haoni sababu ya kulipia usafi utakaoishia kwenye dimbwi la kwanza. Mashine ya presha hukaa kimya, na kwa kuwa wengi wa vijana hao hulipwa kwa kila gari wanaloosha, siku isiyo na magari ni siku isiyo na ujira.

Pwani ya Tanzania ina misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Aprili ndio mwezi mzito kuliko yote. Kwa wastani jiji hupata zaidi ya milimita 200 za mvua katika mwezi huo pekee. Mwaka 2024 mvua zilipita kiasi, na kufikia mwishoni mwa Aprili serikali ya Tanzania ilikuwa imetangaza vifo vya watu 155 vilivyotokana na mafuriko na maporomoko ya ardhi. Mbele ya msiba kama huo, gari chafu ni jambo dogo. Hata hivyo, kwa kijana aliyepanga chumba Mbagala au Tandika, wiki tatu bila ujira ni kodi isiyolipwa, na kwa mwenye kituo ni hatari ya kuwapoteza watu aliowafundisha kazi kwa miaka.

Baadhi ya vituo hufungwa hadi Juni. Vingine hubaki wazi kwa kubadili aina ya kazi, na hivyo ndivyo vinavyostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu msimu wa mvua wa Machi hadi Mei hauishii kwenye mpaka wa Tanzania.

Hesabu ya siku ya mvua

Chukua mfano wa kituo chenye vijana sita kinachoosha magari 30 siku ya jua, kila moja kwa shilingi 6,000 za Tanzania. Mapato ni shilingi 180,000. Iwapo theluthi ni ya waoshaji, kila mmoja huondoka na shilingi 10,000. Siku ya mvua yakija magari sita, mapato hushuka hadi 36,000, na mgao wa kila kijana huwa shilingi 2,000, fedha isiyotosha nauli ya daladala na chakula cha mchana. Kodi ya eneo na mshahara wa mlinzi havishuki pamoja na mvua.

Gari linalosafishwa ndani kikamilifu, siti zikatolewa na zulia likafuliwa, laweza kutozwa mara kumi ya bei ya kuosha nje. Magari mawili ya namna hiyo kwa shilingi 60,000 kila moja huongeza 120,000 juu ya zile 36,000, na mgao wa kijana hupanda hadi karibu shilingi 8,700. Hesabu hiyo haina miujiza. Magari mawili hayapatikani kila siku, sabuni na umeme vina gharama, na kazi yenyewe humaliza siku nzima. Pengo hupungua tu, haliishi. Lakini tofauti kati ya shilingi 2,000 na 8,700 ndiyo inayoamua kama kijana atarudi kesho au atakwenda kutafuta kibarua mahali pengine.

Maji yanapoingia ndani

Mvua huhamisha kazi kutoka kwenye bodi kwenda ndani ya gari. Abiria huingia na viatu vilivyolowa, na miavuli huwekwa sakafuni. Chini ya zulia la gari kuna tabaka la sponji linalofyonza maji na kuyashikilia hata baada ya zulia lenyewe kukauka kwa juu. Katika joto la pwani, kuvu huweza kuanza kumea ndani ya saa 24 hadi 48. Siku chache baadaye mwenye gari huwasha kiyoyozi na kupokewa na uvundo ambao manukato ya kuning'inizwa kwenye kioo hayawezi kuuficha.

Fundi mzuri hatangulizi sabuni. Hutangulia kutafuta maji yameingilia wapi. Mara nyingi kosa liko kwenye mifereji midogo iliyo chini ya kioo cha mbele, ambayo huzibwa na majani ya mwarobaini na mwembe chini ya miti ambayo kila dereva wa Dar es Salaam hupenda kuegesha kwa ajili ya kivuli. Wakati mwingine matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya milango yamejaa matope, au mpira wa mlango umechakaa. Sakafu ya mbele ikiloa ilhali hakuna mvua, yafaa kukagua bomba dogo linalotoa maji ya kiyoyozi. Likiziba, maji hayo hugeuka na kumwagikia ndani. Kituo kinachofua zulia bila kuziba chanzo humwona mteja yule yule baada ya wiki, na safari hiyo hakuja kulipa.

Baada ya hapo siti hutolewa, zulia huinuliwa, maji huvutwa kwa mashine ya kunyonya, na sponji hukaushwa kwa feni. Hapa haraka ndiyo adui. Hewa ya masika imejaa unyevu na zulia laweza kuhitaji usiku mzima au zaidi. Kulirudisha likiwa bichi kwa chini ni kumuuzia mteja kuvu kwa mara ya pili. Ipo pia hatari isiyoonekana. Katika magari mengi ya kisasa, chini ya siti hupita nyaya za mifuko ya hewa ya usalama, aghalabu zenye viunganishi vya rangi ya njano. Kabla ya kuzigusa ni lazima waya wa betri uondolewe na fundi asubiri dakika kadhaa. Huo ndio msingi wa kusema kwamba kazi ya ndani haifundishwi siku mteja anapofika.

Magari yaliyozama ni suala jingine. Bonde la Jangwani, ambako Barabara ya Morogoro hukatwa na mafuriko ya Mto Msimbazi mara kwa mara, humkumbusha kila mtu jambo hilo. Injini ya gari lililozama isiwashwe. Maji hayabanwi kama hewa, na yakiwa ndani ya silinda huweza kupinda vyuma vya injini kwa mzunguko mmoja tu. Kituo cha usafi humwachia fundi wa injini sehemu hiyo, kikapiga picha za hali ya gari kabla ya kugusa chochote ili mwenye bima kubwa awe na ushahidi, na kikawavisha vijana glavu na buti, kwa kuwa maji ya mafuriko ya mjini huchanganyika na ya vyoo. Sponji iliyolowa maji hayo kwa kawaida hutupwa.

Chini ya paa

Kituo chenye paa na kuta mbili tatu kina kazi nyingine zisizongoja jua. Taa za mbele za magari yaliyotumika, ambazo plastiki yake imegeuka manjano kwa miale ya jua, hupigwa msasa mwembamba kwa hatua, kutoka namba 800 au 1000 hadi 2000 au 3000, kisha hupigwa polishi na kupakwa rangi angavu ya kinga. Bila kinga hiyo umanjano hurejea mapema. Katika usiku wa mvua, taa inayoangaza vizuri ni suala la usalama, na ni ajabu kwamba vituo vingi huitangaza huduma hiyo kama urembo.

Upigaji polishi wa bodi nao hufaa, kwa tahadhari. Tabaka angavu la juu ya rangi mara nyingi halizidi unene wa mikroni 50, na kila polishi nzito hupunguza kiasi fulani, hivyo kijana anayejifunza aanzie kwenye boneti kuukuu la gereji. Kinga ya seramiki, inayotangazwa sana siku hizi, haifai kupakwa penye banda wazi wakati wa masika: hutaka bodi kavu kabisa na haipaswi kuguswa na maji kwa saa kadhaa za mwanzo. Nta ya kawaida hutosha, na mteja akiipata Februari, matope ya Aprili humtoka kwa urahisi zaidi.

Wateja wasiotazama mawingu

Wapo wenye magari ambao mvua haiwaondolei haja ya usafi. Mabasi ya shule, magari ya wagonjwa, teksi za mtandao na magari ya ofisi hubeba watu kila siku, na abiria hulalamika zaidi siti inaponuka kuliko bodi inapochafuka. Mkataba wa malipo ya mwezi na wenye magari kumi huleta faida ndogo kwa kila gari kuliko mteja wa Jumamosi, lakini fedha yake hufika hata wiki ya mvua kubwa. Kundi jingine ni magari yanayoshushwa bandarini na kuendeshwa hadi Burundi, Kongo na Zambia, yale yaitwayo jijini magari ya IT. Meli haziachi kushusha mizigo kwa sababu ya masika.

Wateja wa zamani nao wasisahauliwe. Usiache mbachao kwa msala upitao. Daftari lenye jina, simu, aina ya gari na tarehe ya mwisho ya kuhudumiwa ni kazi ya siku moja ya mvua. Kalenda nayo husaidia. Miaka hii Idd el-Fitri imekuwa ikiangukia mwanzoni mwa masika au karibu nayo, Aprili 10 mwaka 2024 na mwisho wa Machi 2025, na kila mwaka hurudi nyuma kwa takribani siku 11. Magari yanayotakiwa kung'aa siku ya kuamkia sikukuu yanaweza kuwekewa nafasi wiki moja kabla.

Januari ni tatizo la namna tofauti. Jua lipo, fedha haipo: ada za shule na madeni ya sikukuu vimezimaliza. Kushusha bei mwezi huo hakuongezi wateja wengi, na Februari huwa vigumu kuipandisha tena. Mwezi huo wafaa zaidi kwa mashine: kubadili oili ya pampu, kukagua mipira ya presha, kusafisha vichujio. Kwa kijana, wafaa kwa cheti. Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, ina utaratibu wa kuwapima na kuwatambua mafundi waliojifunza kazini bila kupita chuoni.

Mvua yenyewe nayo ni mali ghafi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa hutoa lita moja. Paa la mita za mraba 100, likipokea milimita 200, hutoa lita 20,000, na hata robo yake ikipotea hubaki 15,000. Tangi la kawaida haliwezi kuyahifadhi hadi ukame, lakini hupunguza ankara ya masika. Wenye vituo wanakumbuka Oktoba 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likagawiwa maji kwa zamu.

Yote haya huanza kwa akiba. Kituo cha mfano kikitenga shilingi 10,000 kwa siku za kazi 26 kila mwezi, kuanzia Juni hadi Februari, hufika Machi kikiwa na shilingi 2,340,000. Ugomvi huanza pale isipojulikana fedha hiyo ni ya nani. Pale ambapo mwenye kituo huishika peke yake, vijana huiona kama makato. Pale inapowekwa kwenye akaunti ya kikundi, yenye watia saini wawili kutoka kwa waoshaji wenyewe na kiwango cha posho ya siku ya mvua kilichoandikwa mapema, huwa na sababu ya kuichangia siku za jua.