Hyacinthe na Yakuti ni ndugu

Katika eneo la Kasongo na Kabambare, ukisikia mtu anaitwa Hyacinthe, unasema moja kwa moja: huyu ni Mkatoliki. Ukisikia Yakuti, unafikiri ni Mwislamu. Kumbe majina haya mawili yametoka tumbo moja.

Mwanzo wake ni Kigiriki. Wagiriki wa zamani walisimulia juu ya kijana Hyakinthos, rafiki wa mungu Apollo. Siku moja walikuwa wanacheza kurusha kisahani, kikampiga kijana akafa, na kwenye damu yake likaota ua. Jina hilohilo wakalipa pia jiwe la thamani. Jiwe ndilo lilisafiri Mashariki: Waarabu wakaliita yaqut, neno ambalo liko hata ndani ya Kurani, sura ya 55. Kiswahili kikasema yakuti. Huko Ulaya, jina likabaki kwa ua na kwa watu, kama Mtakatifu Hyacinthe wa Poland, mtawa Mdominiko aliyekufa mwaka 1257. Wasichana ndiyo akina Jacinthe.

Uislamu ulifika Kasongo karne ya 19 na wafanyabiashara wa pwani, misheni zikafuata. Ndiyo vile neno moja liliingia kwa milango miwili.

Na lile gugu la maji, jacinthe d'eau, linalofunga njia ya mitumbwi? Hilo lilitoka Amerika ya Kusini, likaenea mto Kongo miaka ya 1950. Kwa Lingala wanaliita Kongo ya sika, Kongo mpya. Limeazima jina tu, sababu ya maua yake. Si la ukoo huu.