Karatasi ya Kipimo na Hofu ya Miezi ya Kwanza



Mwaka jana, wakati watu wa Ihanja walipokuwa wakivuna alizeti, mama mmoja kijana alitungoja baada ya Misa kando ya ukuta wa kanisa, mumewe akisimama hatua chache nyuma yake. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa na kukunjuliwa hata ikaanza kuchanika. Mimba yake ilikuwa ya wiki tano. Maabara moja ya mjini ilimpima damu, ikampa namba, 640, pamoja na maneno machache: homoni yako iko chini. Siku mbili hakula wala hakulala. Hakutuuliza habari za homoni, maana anajua sisi si waganga. Alituuliza ni kosa gani alilotenda.

Tulimjibu kwanza hilo aliloliuliza: hakutenda kosa. Kisha tukaenda kwa wauguzi kujifunza, na tuliyojifunza tunawapeni leo.

Mimba inapojishikiza katika mfuko wa uzazi, chembe zitakazokuwa kondo la nyuma huanza kutengeneza homoni ambayo wataalamu huiandika kwa herufi hCG. Homoni hiyo ni mjumbe. Huuarifu mwili wa mama kwamba hedhi isije, na hulihimiza lile tezi dogo lililobaki pale yai lilipotoka litoe homoni ya pili, projesteroni, inayoutuliza mfuko wa uzazi na kuutunza ukuta wake. Kati ya wiki ya nane na ya kumi hivi, kondo lenyewe huwa limeipokea kazi hiyo. Kipimo cha mkojo tunachokijua sote hutafuta hCG hiyo hiyo. Kuanzia miaka ya 1930, kabla ya vipimo hivyo, wapimaji walimdunga mkojo wa mwanamke chura jike wa kusini mwa Afrika. Akitaga mayai kabla siku haijaisha, mimba ipo. Huenda wako wasikilizaji wanaocheka, lakini chura yule alitumika hospitalini miaka mingi.

Basi, namba moja peke yake haisemi mengi. Katika wiki ya tano mama mmoja aweza kuwa na mia mbili, jirani yake elfu tano, na wote wawili wakajifungua salama. Tena wiki huhesabiwa tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, na ni wangapi kati yetu wanaoiandika siku hiyo? Kinachotazamwa ni mwendo. Damu hupimwa tena baada ya saa 48, na katika mimba changa yenye afya namba mara nyingi hukaribia kuwa maradufu, au angalau huongezeka kwa nusu yake. Hupanda hivyo hadi kati ya wiki ya nane na ya kumi na moja, kisha hushuka yenyewe. Anayeiona ikishuka katika mwezi wa nne asihesabu kuwa ni msiba. Mama yule alirudi kupima, akapata 1,190. Wiki mbili baadaye altrasaundi ilionyesha moyo ukipiga.

Lakini tusidanganyane, si kila karatasi ya pili huleta habari njema. Katika kila mimba kumi zilizotambulika, moja au mbili hutoka, nyingi kabla ya wiki ya 12. Kama nusu ya hizo hutokana na hitilafu ya kromosomu iliyokuwapo tangu mimba ilipotunga. Sababu si ndoo ya maji aliyojitwisha juzi, wala jicho la jirani, wala ugomvi na mama mkwe. Wanaume hasa tunawaomba walisikie hilo. Na vidonge vya homoni visinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2019, wenye wanawake zaidi ya 4,000 waliotokwa damu katika mimba changa, haukuona kwamba projesteroni iliwasaidia wote kwa jumla. Dalili ya faida ilionekana kwa wale waliokwisha kupoteza mimba hapo kabla. Huo ni uamuzi wa daktari.

Lipo jambo lisilongoja saa 48. Mimba moja au mbili katika kila mia hutunga nje ya mfuko wa uzazi, mara nyingi katika mrija. Humo haiwezi kukua, na mrija ukipasuka mama hutokwa damu nyingi ndani ya tumbo bila mtu kuiona. Maumivu makali chini ya tumbo, hasa upande mmoja, kizunguzungu, kuzirai, maumivu ya ncha ya bega, kutokwa damu: apelekwe hospitali saa ile ile, iwe Makiungu au Singida mjini, hata kama ni usiku.

Hapa ndipo desturi yetu ya kuificha mimba hutuponza. Shirika la Afya Duniani lilielekeza mwaka 2016 kwamba mama aonwe na wahudumu mara nane, ya kwanza kabla ya wiki ya 12 kupita. Takwimu za taifa letu za 2015-16 zilionyesha kwamba takribani mmoja tu kati ya wanne alihudhuria kabla ya mwezi wa nne. Mama anayeogopa macho ya watu hubaki peke yake na hatari katika miezi ile ile yenye hatari. Mwinjili Luka anasimulia kwamba Elizabeti alijificha miezi mitano. Lakini anasimulia pia kwamba Maria alikwenda kwake kwa haraka, akakaa kama miezi mitatu. Tuhesabu: hiyo ilikuwa miezi ya kwanza ya Maria mwenyewe, naye aliipitisha katika nyumba ya mwanamke aliyemzidi umri.

Makatekista, katika jumuiya zenu wapo akina mama wazima wanaoweza kuwa Elizabeti wa mtu. Waombeni.

Mume wa yule mama, aliyekuwa kimya muda wote, alituuliza mwishoni kama naye anatakiwa kliniki. Tulimwambia ndiyo, maana huko hupimwa wote wawili. Tena tukamwambia atafute mapema namba ya simu ya mwenye pikipiki anayekubali kuamshwa usiku.