Asiyekula ngano na mafuta ya karai la wote

Majumbani mwetu, alalamikaye tumbo huambiwa kwanza apunguze mafuta. Ushauri huo una busara yake, lakini kwa mtu ambaye daktari amemthibitishia maradhi ya siliaki haufiki kwenye chanzo. Kinachomdhuru huyo ni gluteni, protini iliyomo katika ngano na shayiri. Ailapo, kinga ya mwili wake huushambulia utumbo mwembamba na kuviharibu vijinyweleo vinavyofyonza chakula. Utumbo uliojeruhiwa huyashindwa mafuta, nayo hutoka katika choo laini chenye harufu kali, huku tumbo likijaa na kunguruma. Ndipo lawama ikaangukia samli, na chapati ikasalimika!

Wapo wanaodhani haya ni maradhi ya Wazungu, kwa kuwa aliyeifichua ngano ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke, aliyeandika tasnifu yake mwaka 1950. Sivyo. Mwaka 1999 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha uchunguzi wa watoto 989 wa Kisahrawi, ndugu zetu wa Sahara Magharibi, na takriban 5.6 katika kila 100 walikutwa nayo. Ni kiwango kikubwa mno.

Sisi tumejaaliwa wali, ugali wa mahindi, muhogo, ndizi, viazi, mtama na ulezi, ambavyo kwa asili havina gluteni. Mtihani huja na Ramadhani: shurba ya ngano au shayiri, bokoboko, tambi, kaimati, sambusa. Mgonjwa hana budi kuviacha vyote hivyo, hata tonge moja. Unga wa mtama nao usagwe katika mashine isiyosaga ngano, jambo ambalo wengi hulisahau.

Tukija kwenye mafuta yenyewe, ya alizeti, ufuta, zeituni au nazi yakiwa safi hayana gluteni, wala samli safi haina. Hatari imo karaini. Mafuta yaliyokaangiwa maandazi asubuhi hubaki na chembe za unga, na muhogo utakaokaangwa humo jioni huzibeba. Kuyachuja hakutoshi, na moto hauiondoi gluteni. Kwa hiyo mgonjwa atengewe kikaango, mwiko na chupa yake ya mafuta. Wapishi wa futari za pamoja wakiweza kuweka karai moja lisiloingia ngano kamwe, watakuwa wamemwondolea mwenzao udhia wa kukaa mbele ya sinia asile.

Katika majuma ya mwanzo, kabla utumbo haujapona, mafuta yawe kidogo na chakula kichemshwe zaidi kuliko kukaangwa. Yasiachwe kabisa, kwani vitamini A, D, E na K hufyonzwa pamoja na mafuta, na mgonjwa huyu mara nyingi amekwisha kupungukiwa nazo. Maziwa pia huweza kumsumbua kwa muda, kwa sababu utumbo uliojeruhiwa hushindwa kusaga sukari yake. Samli humfaa zaidi, maana karibu sukari yote hiyo hutoka katika kuyeyushwa na kuchujwa. Kwa matumizi ya kila siku twapendelea alizeti au ufuta. Samli na mafuta ya nazi yana wingi wa aina ya mafuta yanayopandisha lehemu, basi yatiwe kwa kiasi, ya kuonjesha pilau tu.

Tunawasihi wasomaji ambao hawajapimwa wasikimbilie kuacha ngano kwa kuwa tu tumbo linajaa gesi. Kipimo cha damu hutafuta alama zinazoonekana mtu akiwa bado anakula gluteni. Akiiacha miezi kadhaa kabla ya kupimwa, majibu huweza kuonyesha hana ugonjwa ilhali anao. Aende hospitali kwanza, amweleze daktari anachokula na lini huumwa, ndipo jikoni kubadilishwe.