Shujaa ni Nani? Acheni Kuniuliza

Wanafunzi wanaonijia hapa Mungaa, mkoani Singida, wakiwa na riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, A Grain of Wheat, hunisalimu vizuri, kisha huuliza lilelile, wengine kabla hawajafika nusu ya kitabu: "Mwalimu, shujaa humu ni nani?" Nimelijibu vya kutosha. Leo nitashughulika na kinacholizaa swali lenyewe, nacho ni madesa.

Mmeyaona. Karatasi za fotokopi zenye jedwali: kushoto jina la mhusika, kulia sifa zake. Kihika ni shujaa, mzalendo, jasiri. Mugo ni msaliti na mwoga. Karanja ni kibaraka. Mwanafunzi anameza mistari hiyo, anaitapika kwenye karatasi ya mtihani, na anaamini kwa moyo wote kwamba amesoma riwaya. Hajasoma.

Ngũgĩ alichapisha riwaya hii mwaka 1967 na aliijenga juu ya siri. Desemba 1963 inafika, Kenya inapata Uhuru, na kijiji cha Thabai kinamtaka Mugo ahutubie. Kwa nini wasimtake? Alijitosa handakini kumtetea mwanamke aliyekuwa akichapwa. Kule katika kambi ya kizuizini ya Rira wafungwa waliteswa ili wakiri kiapo cha Mau Mau, yeye akanyamaza, na wenzake wakauona ukimya ule kuwa ni ushujaa. Kumbe hakuwa na la kukiri, kwa sababu hakuwahi kula kiapo chochote! Mwandishi anakuacha umheshimu Mugo pamoja na wanakijiji, ndipo anakuonyesha alikomsaliti Kihika, mpigania uhuru: ofisini kwa afisa mzungu, Thompson, ambaye badala ya kumshukuru alimtemea mate usoni. Kihika alinyongwa. Aliyeanza na jedwali anajua yote hayo tangu ukurasa wa kwanza. Hakudanganyika pamoja na Thabai, kwa hiyo hawezi kuona haya pamoja nao, na haya hiyo ndiyo riwaya.

Tena jedwali halisemi ukweli. Siku ya mkutano wa Uhuru, Karanja ndiye aliyekuwa akishukiwa kumsaliti Kihika. Mugo angekaa kimya, mwingine angebeba dhambi yake. Akasimama mbele ya umati akasema ni yeye. Sasa niambie, "mwoga" ameandikwa safu ipi? Gikonyo naye, aliyekiri kiapo kwa kumtamani mkewe Mumbi kisha akaishi na aibu hiyo kifuani, umemweka wapi? Na neno "mateso", ambalo madesa hulimaliza kwa mstari mmoja: katika kambi halisi ya Hola, nchini Kenya, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa. Msome Mugo ukiwa na habari hiyo kichwani, halafu uniambie kama bado unamhukumu kwa neno moja.

Najua tatizo linatoka pia kwenye malezi yetu. Huku kwetu Unyaturuni tumekua tukisikia habari za Bibi Liti Kidanka, anayesimuliwa kuwa aliwakabili Wajerumani kwa nyuki, na uwanja wa mpira pale Singida mjini unaitwa Liti. Masimulizi hayo yana heshima yake nami nayapenda. Lakini yanahusu aliyesimama. Ngũgĩ anauliza kuhusu wale ambao vita iliwakuta wakitaka tu kulima shamba lao kwa amani, na wakaishi baadaye na walichokifanya. Ukikitafuta kisa cha Liti ndani ya kitabu hiki utakikosa, kisha utakilaumu kitabu.

Cha kufanya? Soma mara ya kwanza bila kalamu. Mara ya pili, chagua tendo moja, si mhusika mzima, uandike ukurasa mmoja: nani alilitenda, nani aliumia, nani alijua. Jadilianeni kikundi kizima usiku ule Kihika, akitoka kumuua afisa wa kikoloni, Robson, alipoingia kibandani kwa Mugo: ungemjibu nini? Andika jibu lako kabla ya kusikia la mwenzako. Kila hoja iwe na tukio la kitabuni. Madesa yafungue mwisho kabisa, tena kwa kuyakosoa.

Na ninyi walimu wenzangu, mwanafunzi akiandika kwamba Mugo ni msaliti na pia ndiye pekee aliyesema kweli siku ile, akathibitisha, msimkate alama kwa sababu jibu lake halimo kwenye mwongozo wenu. Huyo amesoma.