Je, Wajua? Modemu Mpya Si Lazima Iongeze Kasi ya Wi-Fi

Modemu na Wi-Fi ni vitu viwili tofauti, ingawa mara nyingi hukaa ndani ya kisanduku kimoja. Modemu hubadilisha mawimbi yanayoletwa na mtoa huduma kuwa data inayoeleweka na kompyuta, ilhali ruta ndiyo inayovigawia data hiyo vifaa vya nyumbani, ama kwa kebo ama kwa mawimbi ya redio yaitwayo Wi-Fi. Kwa hiyo, kabla ya kununua modemu mpya, inafaa kupima kasi kwa kompyuta iliyounganishwa kwa kebo: ikikaribia kasi iliyolipiwa, udhaifu umo katika Wi-Fi; ikiwa ndogo mno, modemu au laini ya mtoa huduma ndiyo ya kuchunguzwa. Masafa ya Wi-Fi ya gigahezi 2.4 hupenya kuta vizuri zaidi lakini husongamana, kwa kuwa hutumiwa pia na Bluetooth na oveni za maikrowevu, ilhali yale ya gigahezi 5 hubeba data kwa kasi zaidi ila hufifia upesi yanapokutana na zege. Kuhamishia ruta mahali pa wazi, katikati ya nyumba, huweza kuondoa tatizo bila gharama yoyote.